Mbungo wa kando ya mto: mbegu zinaoza kitaluni, na mkongwe uliobaki unataka kukatwa. Naomba msaada

Mtoni_Muheza ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa wanaoujua mbungo vizuri, huu mmea mtambazi wenye shina gumu na utomvu mweupe unaopanda miti ya kando ya mito na kuzaa mabungo.

Shamba liko ukingoni mwa mto Zigi, Muheza. Kwenye ukanda wa miti uliosalia kuna mbungo mmoja mkongwe, shina lake chini ni nene kama paja la mtu, umepanda juu ya mkuyu na kutandaa hadi miti ya jirani. Kingo zote za hapa zimefyekwa kwa ajili ya mahindi na mboga, kwa hiyo mibungo imekuwa ya kutafuta kwa tochi. Wapo majirani wanaosema huo nao ukatwe kwa sababu "unaunyonga" mkuyu.

Nataka kuotesha miche ya kutosha kurudishia ukingo na mingine ya kupanda karibu na nyumba kwa ajili ya matunda. Mbegu zinazopatikana ni zile zinazobaki baada ya kutengeneza juisi. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinatunzwa kwenye chupa hadi mvua. Zikiingia kwenye viriba zinavimba kidogo kisha zinaoza. Je, zinahitaji kukwaruzwa au kulowekwa kwenye maji ya moto kama mbegu za mikunde? Au ni bora kutumia vipandikizi vya matawi? Na kweli mbungo unaua mti unaoubeba?

---

KitaluPwani:

Ndugu, tatizo lako lipo kabla ya kitalu. Mbegu hizo zinafika kwenye kiriba zikiwa zimeshakufa, na huenda zimekufa mara mbili.

Kwanza, juisi ya mabungo katika nyumba nyingi huanza kwa kuchemsha tunda lote pamoja na mbegu. Mbegu iliyochemka haioti, hata ikionekana nzima na ngumu. Pili, mbegu ya mbungo si ya kuhifadhi. Mahindi, maharage, mkunde na mkangazi huvumilia kukaushwa, mbungo hauvumilii. Ndani ya tunda mbegu ina maji mengi na kiini chake kinabaki hai kwa sababu ya maji hayo. Ukiianika juani, ganda linabaki zuri lakini kiini kinasinyaa na kufa. Kule kuvimba unakokuona kitaluni ni maji kuingia kwenye kitu kilichokufa, ndiyo maana hatua inayofuata ni kuoza.

Kwa hiyo usikwaruze wala usimwagie maji ya moto. Mbinu hizo ni za mbegu zenye ganda linalozuia maji kuingia. Hapa maji yanaingia bila shida.

Fanya hivi. Chagua mabungo yaliyoiva mtini au yaliyodondoka siku hiyohiyo: ganda lote limegeuka rangi ya chungwa, linabonyea kidogo kwa kidole, na likikatwa halitoi tena utomvu mwingi. Tunda la kijani lililoiviishwa ndani ya gunia linaweza kufaa kwa juisi, lakini mbegu zake hazikukomaa sawasawa. Pasua kwa kugonga au kwa kisu kisichozama, usije ukazikata mbegu. Kila mbegu imefungwa ndani ya nyama ya njano yenye nyuzi, na nyama hiyo imeng'ang'ania kwelikweli. Weka kwenye beseni pamoja na konzi mbili za mchanga mkavu, sugua kwa viganja, suuza, rudia hadi mbegu isiteleze tena. Hatua hii watu huifupisha, na ndiyo inayowaponza: nyama ikibaki, sukari yake inaita sisimizi na ukungu, na kiriba kizima kinachachuka.

Baada ya kuosha, mwaga mbegu kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea baada ya dakika kumi zitupe. Zilizozama panda siku ileile. Kama huwezi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu au maranda mabichi ya mbao, kivulini, na usizidishe siku chache. Usiziweke kwenye friji. Huu ni mmea wa joto na baridi inaua kiini.

Mchanganyiko wa kiriba: sehemu tatu za udongo wa juu kutoka chini ya miti, sehemu moja ya mchanga wa mto, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi usiiguse. Kiriba kiwe kirefu, angalau sentimeta 20, kwa sababu mzizi mkuu unashuka kabla jani halijaonekana vizuri, na kwenye kiriba kifupi unajikunja chini na mche unadumaa baada ya kupandwa. Toboa matundu pembeni na chini. Mbegu ilale ubavu, kina cha sentimeta moja na nusu hadi mbili, kisha tandaza majani makavu juu. Mwagilia mara moja asubuhi. Kwenye joto la pwani, mbegu bichi huanza kuchomoza ndani ya wiki chache.

Kivuli kizuie kama nusu ya jua. Usifanye giza: mche uliokosa mwanga unarefuka kama uzi na kuanguka. Usiache jua kamili kabla ya majani manne, yatababuka. Ukiona shina linanywea pale linapokutana na udongo na mche unalala, hicho ni kinyausi. Kinatokana na maji mengi na hewa kidogo. Punguza kumwagilia, tenganisha viriba, ondoa vilivyougua pamoja na udongo wake.

---

Upembo:

Naongezea jambo ambalo lingetangulia yote: hakikisha ni mbungo kweli.

Kando ya mito yetu kuna mitambazi kadhaa ya ukoo mmoja, Apocynaceae, yenye majani yanayoota mawili mawili yakitazamana. Mbungo ni *Saba comorensis*. Kwenye vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la *Landolphia florida*. Jani lake ni pana, nene kidogo, linang'aa. Maua yanatoka kwa vishada, meupe, koo la njano, yana harufu nzuri inayokaribia ya asumini. Hauna miiba, unapanda kwa vikono vinavyojizungusha kwenye vijiti. Tunda ni la mviringo, linatosha kiganjani, likiiva ni la rangi ya chungwa, na mbegu zote zimezama kwenye nyama.

Ndugu yake wa karibu ni *Landolphia kirkii*, mpira wa porini. Jani ni dogo na jembamba zaidi, na tunda kwa kawaida ni dogo. Nalo linaliwa, kwa hiyo ukikosea hapo hujadhurika. Huo ndio uliotoa mpira uliosafirishwa kutoka mwambao huu miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati utomvu wa mbungo ulibaki kuwa wa kunatanata usiotoa mpira mzuri. Kwa ulimbo wa kunasia ndege, lakini, unafaa.

Hatari ni *Strophanthus*. Nao ni mtambazi mgumu, unapatikana vichakani na kwenye misitu ya mito, majani yanatazamana vilevile. Mbegu zake ndizo zilizotumika kutengeneza sumu ya mishale, maana zinashambulia moyo. Daktari John Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi (1858–1863) na baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, aligundua mapigo yake ya moyo yanashuka baada ya mswaki wake kuchafuka kwa sumu hiyo. Mpira wa porini niliotaja ulipewa jina lake yeye huyohuyo.

Kuutofautisha si kazi ukiwa na tunda au ua. *Strophanthus* haina tunda la duara lenye nyama. Ina maganda mawili marefu magumu yaliyoungana kwenye kikonyo kimoja na kuelekea pande tofauti. Yakikauka yanapasuka na kutoa mbegu zenye manyoya ya kupeperushwa na upepo. Ua lake lina petali zenye mikia mirefu myembamba. Mbegu yenye manyoya si mbungo, kamwe. Na mtambazi usio na ua wala tunda usiuchukulie vipandikizi wala majani kwa sababu tu umetoa utomvu.

Sasa kuhusu mkongwe wako: usiukate. Mbungo si mtini-mnyongaji. Mtini-mnyongaji hushusha mizizi, ikaungana kulizunguka shina la mwenyeji na kulifunga. Mbungo una shina lake na mizizi yake ardhini, unaegemea tu. Madhara yake kwa mkuyu ni mawili: uzito na kivuli. Mkuyu mkubwa wenye afya unaweza kubeba yote mawili miaka mingi. Ukiona matawi ya mkuyu yamekufa juu au moja linaelekea kupasuka, punguza vitawi vya mbungo pale juu, usiguse shina la chini. Ukilikata shina, kila kilicho juu kinakufa na kubaki kikining'inia kama uchafu mzito ambao hakuna anayeweza kuushusha salama, na huo mzigo mkavu ndio unaovunja matawi siku ya upepo. Kisiki kinaweza kuchipua, ila machipukizi yanaanza safari upya kutoka chini kutafuta mwanga.

Zaidi ya hapo, kwa maelezo yako huo ndio chanzo chako cha mbegu. Nyani, kima na tembo hula mabungo na kubeba mbegu mbali. Mahali ambapo wanyama hao wamepungua na ukingo umefyekwa, mbegu zinaanguka chini ya mama yake kwenye kivuli kizito au zinaingia kwenye mahindi na kupaliliwa. Ukiukata, hakuna utakaorithi nafasi yake.

---

Mtoni_Muheza:

Asanteni sana, hili la kuchemsha limenifungua macho. Ni mbungo kweli, matunda ni ya duara na mbegu hazina manyoya. Je, vipandikizi havifai kabisa? Nauliza kwa sababu mche wa mbegu nasikia unachelewa kuzaa.

---

FundiMiche:

Vipandikizi vinawezekana lakini vinasumbua, na mimi sikubaliani na wanaovipendekeza kwa mtu anayetaka miche mingi. Utomvu unaziba pale ulipokata, mizizi inachelewa, na kipandikizi kinaoza kikiwa kinasubiri. Ukitaka kujaribu, chukua tawi lisilo laini la kijani wala gumu la kahawia, unene wa penseli, urefu wa sentimeta 20 hadi 25 lenye vifundo vitatu. Kata asubuhi kwa mkasi mkali. Simamisha sehemu iliyokatwa kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa utomvu utoke, futa, paka dawa ya kuchochea mizizi, choma kwenye mchanga safi wa mto vifundo viwili viwe chini. Majani mawili ya juu yakate nusu. Funika kwa nailoni iliyoinuliwa na vijiti ili unyevu ukae, chini ya kivuli. Usifunue kila siku kuchungulia.

Njia ninayoiamini ni kulaza tawi likiwa bado kwenye mama. Mbungo mkongwe karibu kila mara una matawi marefu yanayoning'inia karibu na ardhi. Chimba mfereji wa kina cha sentimeta 10, changanya mboji humo. Chini ya kifundo kwangua ganda upande mmoja kama sentimeta 3, subiri utomvu ukauke, uufute, laza sehemu hiyo mferejini, ibane kwa kijiti cha panda, fukia, weka jiwe juu. Ncha ya tawi iachwe nje imefungwa kwenye kijiti ielekee juu. Ardhi isikauke. Anza mwanzo wa masika, uache hadi vuli. Kabla ya kukata, fukua kwa vidole uone mizizi. Ikiwa michache kama nywele tatu, fukia tena. Ukishakata kutoka kwa mama, usiuhamishe mche siku hiyo. Uache pale wiki tatu au nne ujizoeze kunywa kwa mizizi yake.

Faida ni kwamba tawi lililotoka kwenye mmea unaozaa halina utoto wa kupitia. Mche wa mbegu lazima ujenge shina kwanza, na hilo ni suala la miaka kadhaa. Lakini kwa kurudishia ukingo wa mto ningetumia mbegu, tena kutoka mibungo tofauti kama utaipata. Matawi ya mama mmoja yote ni mmea uleule. Ugonjwa ukiingia unaipata yote sawa.

---

KitaluPwani:

Naungana na FundiMiche kwa kulaza tawi. Niseme kidogo kuhusu kupanda, maana miche mingi mizuri huishia kufa hapo.

Mche uwe na urefu wa sentimeta 40 hivi na shina lililoanza kuwa gumu. Wiki mbili za mwisho punguza kivuli polepole. Panda mvua za masika zikishashika, si siku ya manyunyu ya kwanza. Shimo sentimeta 60 kwa 60, kina hichohicho, udongo wa juu uchanganywe na ndoo mbili za mboji. Kama maji yanasimama shimoni zaidi ya siku moja, panda juu ya tuta. Mbungo unapenda mizizi yake iwe karibu na maji, ila haupendi kuzama kwa wiki nyingi ukiwa mchanga.

Usipande kwenye shina la mti utakaoubeba. Pale pana mizizi mingi ya mwenyeji na mvua haifiki vizuri. Simama mita moja na nusu kutoka shinani, weka mti wa kuongozea ulioinama hadi tawi la kwanza. Mwenyeji awe mkubwa na mgumu: mkuyu, mzambarau, mkwaju. Mglirisidia unaotumika kwa vanila na pilipili manga ni mwepesi mno kwa kazi hii, utalazwa chini. Mwembe wa kuzaa usiutumie pia; mbungo utatandaa juu yake na maembe yatapungua.

Karibu na nyumba tengeneza chanja. Nguzo za zege au mbao ngumu, zishuke ardhini sentimeta 70, urefu wa juu ya ardhi mita 2 na robo, nafasi ya mita 3 kati ya nguzo na nguzo, waya wa mabati wa geji 8 juu kwa njia mbili. Fito za kawaida zitaoza wakati ndipo mmea unaanza kuwa mzito. Mche hadi mche acha mita 8. Usiuache ukwee paa. Vikono vyake vinaingia chini ya bati.

Kupogoa: maua yanatokea kwenye ncha na makwapa ya vitawi vipya. Ukipogoa wakati mmea unajiandaa kutoa maua, umekata mavuno. Pogoa mara baada ya kuvuna, toa vitawi vilivyosongamana na vilivyokauka, acha viongozi wanne au watano.

---

BiSaida_Jiko:

Wanangu, kwa kuwa mbegu na juisi vinatoka kwenye tunda lilelile, panga kazi yako usikose vyote viwili.

Pakeni mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua, utomvu wa ganda ukigusa nguo hautoki. Pasua mabungo kumi ya kadiri, mimina nyama na mbegu zake kwenye bakuli lisilo la alumini, maana bungo ni kali na litachukua ladha ya chuma. Mwagia lita moja ya maji ya kunywa yasiyo moto, funika saa mbili, kisha vuruga na kukamua kwa mkono hadi mbegu ziachie. Chuja. Rudia na lita nyingine. Sasa mbegu zako ziko hai, zipeleke kwenye mchanga kama alivyoeleza bwana wa kitalu.

Juisi iliyochujwa ndiyo utakayoichemsha, tena kidogo tu, ikishatokota dakika tano inatosha. Tia sukari robo kilo, punguza au ongeza kwa ukali wa mabungo, na iliki iliyotwangwa. Wapo wanaopenda tangawizi, mimi naona inaifunika harufu ya bungo. Anayetumia blenda azungushe sekunde mbili tatu na kuzima. Mbegu ikisagika juisi inakuwa chungu na hakuna sukari itakayoiokoa. Ikae kwenye friji, siku tatu.

---

Mtoni_Muheza:

Shikamoo Bi Saida, na asante. Swali la mwisho: ukingoni nipande kuanzia umbali gani kutoka majini? Na kuvuna kwenye ule mkongwe bila kuuumiza?

---

Upembo:

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kurudishia miti ya asili ni jambo tofauti na kujenga au kulima, lakini kabla ya kuchimba mashimo humo ndani mweleze mwenyekiti wa kijiji na kamati ya mazingira, ili isionekane unajimegea eneo. Chanja na mibungo ya biashara iweke nje ya mita hizo. Kama ukanda huo ni msitu wa hifadhi, hata kuokota matunda kunahitaji kibali cha wakala wa misitu, TFS.

Ndani ya ukanda usipande kwenye kingo tupu inayomomonyoka. Mbungo hauna kitu cha kupanda hapo na mche utaondoka na mafuriko. Anza na miti: mikuyu na mizambarau-mwitu. Mibungo ije baadaye miti ikishafika mita tatu nne, au sasa hivi kwenye mapengo chini ya miti iliyopo, mahali jua linapopenya nusu siku. Palilia duara la mita moja kuuzunguka mche kwa miaka miwili ya mwanzo, na uweke alama ya kijiti kilichopakwa rangi, kwa sababu wafyekaji hawawezi kuutofautisha na kichaka.

Kuvuna: upembo mrefu wenye kifuko mdomoni, unazungusha kikonyo hadi kikatike. Usivute mtambazi wenyewe ili mabungo yadondoke. Ukivuta unang'oa vikono na kuvunja ncha zinazobeba maua ya msimu unaofuata. Usipande juu ya shina lake wala usilikate vidato vya kukanyagia, kila kidonda kinavuja utomvu na kufungua njia ya kuoza. Chukua yaliyogeuka rangi tu. Theluthi moja yaache juu kwa ajili ya kima na ndege, maana hao ndio watakaoyapeleka mabungo ng'ambo ya mto ambako wewe huna shamba.